Pointi Tisa za Orrin

Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu kuna ngazi thelathini na moja za mawe, na ndugu yangu Orrin Mayhew hajazishuka kwa miguu yake tangu Januari ya mwaka juzi. Ameshushwa mara nne kwa machela kwenda hospitali, na mara zote nne alikuwa akiwaelekeza wabebaji jiwe gani limelegea. Nyumba ni ya baba yetu. Mimi nilizaliwa humo, na Orrin akazaliwa humo miaka mitano baadaye. Dirishani tunauona mto Ohio na matishari ya makaa ya mawe yakipita. Zamani alikuwa anayahesabu. Siku hizi nayahesabu mimi, kisha namwambia.

Miaka thelathini na minne alifanya kazi kwenye tanuri za kiwanda cha sahani kule chini. Mikono yake ilikuwa inajua sahani itakayopasuka kabla haijaingia motoni. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi hawakuitwa wakaambiwa kama watu. Ilibandikwa orodha getini. Wengi hawakuja na miwani, basi Orrin akasimama mbele akawasomea, majina mia mbili na kumi na sita, na alipofika kwenye jina lake akalisoma kwa sauti ile ile, akaendelea na linalofuata. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula.

Majira ya machipuko yaliyofuata, kumi kati ya wanaume wale wakaanzisha ligi ya karatasi. Ligi hiyo haina uwanja wala jezi. Unachagua wachezaji wa kweli wa besiboli, mmoja kutoka timu hii, mwingine timu ile, na wanachofanya uwanjani kinakuhesabia pointi wewe uliyekaa jikoni kwako. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, unapata. Mrushaji akirusha vibaya, unakatwa. Sasa iko ndani ya simu, lakini wao mpaka leo wanaiita ya karatasi.

Viti ni kumi. Ukishika mkia miaka miwili mfululizo, kiti chako kinakwenda kwa anayesubiri. Aliyekuwa akisubiri ni mkwe wa Dutch Pokorny, msimamizi wao aliyehamia Florida. Mkwe huyo ni daktari wa meno huko Arizona, hajawahi kushika sahani isipokuwa ya kulia chakula. Na mwaka wa juzi Orrin alishika mkia.

Mtu anaweza kuniuliza, kiti hicho ni nini hata mzee akose usingizi? Kiti ndicho kilichoifanya simu yetu ilie. Kiwanda kilipokufa wanaume wale walitawanyika, Florida, Texas, kila mahali penye jua. Hawakuwa watu wa kupigiana simu kuulizana hali. Walipigiana kutukanana juu ya warushaji, na katikati ya matusi ndipo ulipojua nani kafiwa na nani kawekewa goti la chuma. Orrin alibaki hapa peke yake. Angepoteza kiti, angebaki na mimi, na mimi si mazungumzo.

Macho yake yalianza kwenda miaka sita iliyopita. Anaona pembeni tu, katikati pana shimo. Akitaka kukuona usoni lazima alitazame sikio lako, na watu wasiomjua wanadhani ana dharau. Nilikuja kumsaidia kwa wiki mbili. Sanduku langu bado liko chini ya kitanda, sijalitoa vitu vyote, maana sikukubali kwamba nimehamia.

Mimi niliachia shule darasa la nne, mama alipolala kitandani na watoto wakabaki wanne. Maisha yangu yote Orrin ndiye aliyenisomea barua na karatasi za benki. Basi ikageuka. Kila asubuhi baada ya kahawa nikawa namsomea orodha ya timu yetu ya besiboli, ile ya mji mkubwa ulio juu ya mto: nani kapandishwa, nani kashushwa, nani kaumia. Kisha namsomea wachezaji wake wa karatasi. Nilisoma herufi moja moja kama anayechagua mawe kwenye maharage.

"Ha-s-kel."

"Haskell, dada. Mwisho kuna L mbili."

"Moja haina kazi. Nimeiacha."

"Herufi si viazi, huachi iliyooza."

Haskell hakuwa wa timu yetu. Alikuwa mpigaji kijana wa timu ya magharibi, Orrin alimwokota mwezi wa Agosti alipokuwa hatakiwi na mtu. Lakini wa kwetu ndio aliowashika kama watoto wake. Alijua kila mmoja ana umri gani, bega lipi linamsumbua, na ana kushushwa ngapi. Hilo ni neno lao. Timu ikiwa na kijana, inaweza kumshusha timu ndogo na kumpandisha tena itakavyo, ila kwa misimu mitatu tu. Ikipita hiyo, wanasema hana kushushwa: ama wamweke juu, ama wamwachie aende zake.

Siku moja nesi wa kutembelea majumbani alianza habari ya makao ya wazee. Pazuri, alisema, pana bustani na muziki wa Ijumaa.

"Mama," Orrin akamwambia, "mimi sina kushushwa tena. Ama mniweke hapa juu, ama mniachie."

Nesi akatazama dirishani. "Ndiyo maana nasema, mzee. Ngazi zenyewe ni thelathini na moja."

Orrin alicheka mpaka akakohoa. Nesi hakujua kachekesha nini, na hatukumwambia.

Sasa nije kwa Eusebio Balmaceda. Huyu ni mrushaji, amekaa na timu yetu miaka kumi na moja, na miaka yote kumi na moja Orrin amekuwa naye kwenye karatasi yake. Bega limeshonwa mara mbili. Wenzake walimtania sana. Gib Lanahan, aliyekuwa jirani yake kwenye tanuri na sasa yuko Texas, alikuwa akimpigia na kumuuliza, "Vipi, babu yako anatembea?" Orrin anamjibu, "Anatembea vizuri kuliko mkeo anavyokuchagulia timu."

Hilo lilikuwa na historia yake. Mke wa Gib aliwahi kumchagulia mumewe wachezaji misimu miwili, na misimu yote miwili Gib akashika nafasi ya kwanza. Orrin ndiye aliyesimama akadai ipitishwe kanuni ya saba, akaiandika kwa mkono wake: mwenye kiti anaweza kuazima mkono wa mtu, hawezi kuazima kichwa. Ukibainika umeamuliwa na mwingine, pointi za uamuzi huo zinafutwa.

Basi msimu uliopita Balmaceda aliumia mwezi wa sita. Ligi yao ina nafasi moja wanayoiita kitanda. Mchezaji aliyeumia unamlaza hapo, hahesabiki kati ya watu wako, unaruhusiwa kuongeza mwingine. Orrin akamlaza Balmaceda, na ilipofika Agosti nafasi aliyoiacha ndiyo aliyomtia Haskell. Haskell akapiga mpira Septemba nzima kama mtu anayedai haki yake. Tukapanda, tukashuka, tukapanda. Ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu, Orrin ni wa tisa, Gib ni wa kumi, na kati yao pana pointi mbili.

Asubuhi hiyo nikafungua orodha kama kawaida.

"Ba-l-ma..."

"Balmaceda. Kafanya nini?"

"Karudishwa. Amepona. Leo yuko uwanjani."

Orrin akaweka kikombe chini. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyesikia jina lake limetajwa redioni. Kisha akakumbuka, na mimi nikaona kwenye simu mstari mwekundu. Mgonjwa akipona na bado umemlaza kitandani, simu inafunga kila kitu. Huingizi mtu, hutoi mtu, mpaka umwamshe. Na ili aamke lazima mmoja atupwe nje kabisa, maana nafasi hazitoshi. Mechi zote zilikuwa zinaanza saa tisa alasiri, na ikishafika saa tisa hubadilishi tena. Wapigaji wetu wawili walikuwa bado wako benchi, wanangoja kuingizwa.

"Mtoe Haskell," akasema.

"Haskell huyu anayepiga?"

"Kwani tunao wangapi?"

"Orrin, huyu ndiye aliyekulisha mwezi mzima. Yule mzee wako atarusha mipira michache wamshangilie, wakamkalishe."

"Simtupi mtu wa kwetu siku ya mwisho."

"Hatakujua kama umemtupa! Yuko uwanjani huko, hajui kama wewe umezaliwa!"

"Mimi nitajua." Akalitazama sikio langu. "Dada, wewe ni mkono. Mkono hauna maoni. Mtoe Haskell, mwamshe Balmaceda, waingize wale wawili. Upesi."

Nilikaa na simu ile. Nje tishari lilikuwa linapiga honi kwenye kona ya mto. Nikamfikiria huyo daktari wa meno. Nikaifikiria simu isiyolia, Desemba, Januari, Februari, sisi wawili na saa ya ukutani. Sikuwaza kwa muda mrefu. Mimi si mtu wa kuwaza kwa muda mrefu. Nikaliweka dole langu juu ya Balmaceda. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Mstari mwekundu ukaondoka. Nikawaingiza wale wawili.

"Tayari?"

"Tayari."

"Umemtoa nani?"

"Uliyesema."

Hilo ndilo nililosema, na sitalipamba.

Alasiri tukasikiliza redio. Kipindi cha saba mtangazaji akasema Balmaceda anaingia kurusha, na watu uwanjani wakasimama, ukasikia sauti yao ikija kama mvua kwenye bati. Orrin naye akasimama. Miguu yake haitaki, lakini alisimama kwa kushika meza. Balmaceda akarusha. Wakaupiga mpira wake vizuri. Akarusha tena, wakampiga tena, na kabla hajatolewa walikuwa wamefunga mara nne.

"Sita," Orrin akasema, akakaa. "Kanikata pointi sita, yule mshenzi." Alikuwa anatabasamu. "Lakini umesikia walivyosimama?"

Hakuwa amekatwa kitu. Balmaceda hakuwa wake tena tangu asubuhi. Na mimi nimekaa mbele yake na habari njema mdomoni kama kaa la moto, siwezi kuitema, siwezi kuimeza.

Jioni akataka nimsomee pointi za watu wake, mmoja mmoja. Nikamsomea wote isipokuwa Haskell, yeye nikamruka. Akajumlisha kwa vidole. Wengine walimpa kumi. Balmaceda kamkata sita. Zinabaki nne. Gib siku hiyo alipata kumi na moja.

"Nilikuwa mbele kwa mbili," akasema. "Sasa niko nyuma kwa tano." Akavikunja vidole. "Basi. Kiti kimekwenda."

"Labda wamekosea hesabu."

"Hesabu haikosei, dada. Lete chakula."

Akala maharage yote na mkate wa mahindi, akasema chumvi imezidi. Haikuwa imezidi. Nikajisemea nitamwambia kesho, Dutch akishapiga na mambo yakishakuwa rasmi, asiweze kuyarudisha nyuma.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Niliiweka mezani, sauti juu, kama siku zote.

"Mayhew!" Dutch alikuwa anapiga kelele utadhani Florida hakuna simu, anatumia mapafu tu. "Shetani mkubwa wewe! Umepona kwa pointi nne!"

Orrin akaigeuzia simu sikio.

"Upo? Nasema nne! Mkwe wangu amenuna, hataki hata kunisafisha meno."

"Nne mbele?" Orrin akauliza polepole.

"Mbele, ndiyo. Gib ndiye mkia."

Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya kitambaa cha meza. Tano nyuma, nne mbele. Mtu anaweza kukosa macho, lakini umbali kati ya hapo na hapo ni tisa, na tisa haina mahali pa kujificha.

"Dada," akasema, "Haskell jana alipata ngapi?"

Ningeweza kusema sijui. "Tatu," nikasema.

Tatu za Haskell, na sita ambazo hakukatwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa sahani iliyopasuka mahali alipotarajia.

Dutch hakuwa amesikia kitu, alikuwa anaendelea. "Na sote tulishangaa, nakuambia! Kumtupa babu Balmaceda! Miaka kumi na moja! Nikamwambia Gib, hatimaye Mayhew amekuwa mchezaji."

"Dutch," Orrin akasema. "Kanuni ya saba inasemaje?"

"Aa, usianze."

"Inasemaje?"

"Mkono unaazimwa, kichwa hakiazimwi. Uliiandika wewe mwenyewe, unaniuliza mimi?"

"Mimi nilisema atolewe Haskell. Aliyetolewa ni Balmaceda. Zifute hizo tisa."

Dutch akashusha sauti. Hata yeye anaweza kunong'ona, sikujua.

"Orrin. Bwana. Hakuna aliyeuliza. Dada yako kakosea herufi, mtu mzima yule, macho yake nayo..."

"Sikukosea," nikasema. Maana sikubali kuitwa kipofu ili mambo yawe mepesi. "Nilisoma vizuri. Nilibonyeza nilichotaka."

Ningefunga mdomo wangu, Dutch angepata mlango wa kumpitishia. Nimefikiri juu ya hilo baridi nzima. Lakini ndivyo tulivyozaliwa kwa baba yetu, wote wawili, na nyumba ina mlango mmoja.

"Umesikia," Orrin akasema. "Zifute."

Baada ya saa moja Gib akapiga kutoka Texas. Yeye hakutukana, na hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa makubwa.

"Mzee mwenzangu, acha niwe mkia mimi. Mwaka mmoja hauui mtu, mimi bado nina mwaka mwingine. Kiti changu hakiguswi. Wewe ndiye unayetoka."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ulipoazima kichwa cha mkeo nilikupigia kelele mbele ya watu wote. Nilikupigia au sikukupigia?"

"Ulinipigia mpaka nikanunua pombe ya hasira."

"Basi."

Kiti kikaenda Arizona. Siku nane Orrin hakusema nami isipokuwa mambo ya lazima, kahawa, dawa, funga dirisha. Siku ya tisa akaniuliza matishari mangapi yamepita, nikamwambia sita. Sikumwomba radhi. Nilifanya nilichofanya ili simu iendelee kulia, na ikanyamaza kwa sababu nilikifanya. Kuomba radhi kungekuwa kama kusema nilikuwa na njia nyingine, nami nikiwa jikoni mle sikuiona.

Gib alipiga Krismasi. Dutch alituma kadi yenye picha ya mamba. Februari wale wengine wakaanza kuulizana mchezaji gani yuko vipi, lakini hayo tuliyakisia tu, maana yalikuwa yanapita kwenye simu nyingine. Machi wakachagua wachezaji wao. Siku hiyo Orrin alikaa karibu na simu toka asubuhi, akasema amekaa hapo kwa sababu ya jua. Kulikuwa na mawingu.

Mwisho wa Machi gazeti likatoa orodha ya timu yetu, wale ishirini na sita watakaoanza msimu. Balmaceda alikuwa amekwenda nao kambini kufanya mazoezi, na redio ilisema bega linamuuma. Orrin alikuwa amekwisha kunywa kahawa.

"Soma," akasema.

"Ya nini? Huna ligi."

"Soma, dada."

Nikasoma. Warushaji wanaandikwa mwanzo, kumi na watatu. Nilianza na A, nikaingia B, na nikaona kabla sijafika kwamba Balmaceda hayumo. Ningeweza kumtia pale. Jina moja tu, hakuna wa kumwambia, hakuna Dutch, hakuna hesabu ya kunikamata. Orrin alikuwa analitazama sikio langu. Nikalisoma jina lililofuata, ambalo lilikuwa la C.

Akaacha nimalize wote ishirini na sita.

"Umeruka mstari?"

"Sikuruka."

"Dada."

"Nimesoma herufi zote, Orrin. Hata zile zisizo na kazi."

Akageuza uso dirishani, kule asikoona katikati. Hakuwa na kushushwa, akasema, basi wamemwachia. Nikasema ndivyo inavyoonekana. Tishari lilikuwa linapita, refu, na lingine nyuma yake.

"Mangapi?" akauliza.

"Mawili."

"Haya," akasema. "Anza tena, kutoka juu. Huyo wa C simjui, nipe jina lake polepole."

Nikavuta gazeti karibu na dirisha, nikaanza tena kutoka juu.